Kijani, Njano na Safu ya Tatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuiweka mbali nami: siku vijana walipoingia nyumbani kwa jirani yetu Tata Kabeya asubuhi, wakiwa na karatasi mkononi, na mwandiko wa karatasi ile ulikuwa wangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Unasoma ujumbe umesimama, huku mtu anakuita. Kama kazi itakukatiza hapa, basi jambo lenyewe umeshalipata. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi mwandiko wangu ulivyofika mlangoni pale.

Umeniandikia kutoka Fungurume ukiniuliza swali dogo. Umemaliza plasta kwenye salo, sebule ya nyumba yako mpya, fundi amekuletea makopo mawili ya rangi, moja la kijani kama jani changa la mgomba, jingine la njano kama unga wa mahindi, na unataka baba yako, aliyefanya kazi kwenye nyumba za kampuni, akuambie ipi inafaa. Kisha mwishoni, kama mtu anayetaja kwamba kumenyesha, ukaongeza kwamba shefu wenu bironi, mkubwa wako wa ofisi, anataka orodha ya wafanyakazi iongezwe safu moja, ya kuonyesha baba wa kila mmoja alitoka wapi. Hilo hukuniuliza. Nitayajibu yote mawili, maana kwangu mimi hayajatengana tangu nilipokuwa na umri kama wako.

Nilikuwa karani katika ofisi ya nyumba, hapa hapa Dilala, mjini Kolwezi. Kambi ya wafanyakazi wa mgodi unaijua, ulizaliwa humo: mistari ya nyumba za matofali zinazofanana, dirisha dogo mbele, jiko nyuma. Siku zile kampuni ndiyo iliyozimiliki na kuzitunza. Kitasa kikivunjika, kampuni. Rangi ikibanduka, kampuni. Mtu hakupiga msumari ukutani bila kuuliza. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani anakaa nyumba ipi, bomba gani linavuja, mlango upi umeliwa na mchwa. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mistari yangu ilinyooka bila rula, na herufi zangu zilifanana kana kwamba zimetoka mashineni. Wageni walionyeshwa daftari langu. Likumbuke hilo, litarudi.

Mgodi ulikuwa umeanza kuanguka, ingawa hatukuwa na jina la jambo lile. Tuliona dalili zake tu. Malori makubwa yalisimama shimoni yakiota kutu. Unga na sabuni ambavyo kampuni iligawa kila mwezi vikaja nusu, kisha havikuja. Katika ghala la rangi zilibaki rangi mbili tu, kijani na njano. Shefu wetu aliamua zitumike zote kabla hazijaganda makoponi, kwenye salo za mistari miwili ya nyumba, na kwa kuwa hakutaka ugomvi alisema kila familia ichague yenyewe. Nikatumwa nyumba kwa nyumba na vibao viwili vilivyopakwa, kimoja kijani, kimoja njano.

Aliyevipaka vibao vile alikuwa Tata Kabeya. Nyumba yake ilipakana na yetu, ya kumi na moja, sisi tukiwa wa kumi na mbili. Alikuwa mkuu wa wapaka rangi, mtu mfupi mwenye koti la bluu ambalo mikono yake ilikuwa na madoa ya kila rangi ambayo kampuni iliwahi kununua. Alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kwa gari moshi kuja kuchimba shaba, na yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona. Baba yangu mimi alitoka kaskazini mwa Katanga kwa reli hiyo hiyo, kufuata kazi hiyo hiyo. Kati yetu sote hakuna aliyekuwa na kaburi la babu katika mji huu. Wakati huo sikuwahi kufikiria jambo hilo. Mtu alikuwa jirani, basi.

Aliponikabidhi vibao alinishika mkono.

"Banza, usionyeshe bantu bibao yote mbili pamoja."

"Kwa nini, Tata?"

"Ukibiweka pamoja, kila kimoja kinasema mubaya mwenzake. Njano inafanya kijani kuwa kama ukuta ya hospitali. Kijani inafanya njano kuwa kama mutu ya homa. Leo peleka moja, kesho ingine. Mutu aone rangi, asione mashindano."

"Sasa hiyo si kazi mara mbili?"

"Njo kazi yenyewe, kijana."

Nilimjibu ndiyo, na nilipokunja kona nikavishika vyote viwili kifuani, kimoja kila upande, nikapiga hodi. Mistari yote miwili nikaimaliza kwa mchana mmoja. Watu walichagua wakicheka. Mama mmoja aliniambia, "Njano! Bwana wangu anashinda kwa shimo siku yote, acha akuje aone kitu kinawaka." Jirani yake akamjibu kutoka uani, "Weye uko na batoto babili tu. Miye niko na saba, na mikono yao unaijua. Niletee kijani, na kama kuna nyeusi leta nyeusi." Mama yako, ambaye tulikuwa tumeoana naye mwaka ule, alichagua kijani bila kuniuliza. Kwa Tata Kabeya, mkewe Mama Ngalula alisitasita, ndipo binti yao wa mwisho, Kapinga, mtoto wa miaka minne, alipoweka kidole chake juu ya kibao cha njano na kukataa kukiondoa. Ikawa njano.

Bironi nilikaa meza moja na karani mwingine, Kasongo, mtu wa utani. Alipitia orodha yangu siku ile akasema, "Umeona? Bakasai bote banachukua njano. Bale banapenda kitu ya kung'aa."

"Si kweli."

"Tuweke chupa ya bia."

"Tuweke."

Unielewe, mwanangu, maneno kama yale yalikuwa yameanza kusikika kila mahali. Yalisikika mikutanoni, sokoni, kwenye foleni ya maji. Kwamba kazi zimekwisha kwa sababu ya watu wa Kasai, kwamba wamekula vyote, kwamba warudi kwao. Watu walianza kuwaita wadudu, kwanza kwa kicheko. Kasongo alitania, na mimi nikajiona mtu mwenye haki kwa sababu nilimkatalia. Nikachukua rula nikachora safu ya tatu. Ya kwanza ilikuwa namba ya nyumba na jina, ya pili rangi. Katika ya tatu niliweka herufi K mbele ya kila jina ambalo nilijua baba yake alitoka Kasai. Kwa wengine niliacha wazi. Sikumwuliza mtu yeyote. Niliyasoma majina tu, na majina yalinitosha.

Kisha nikahesabu. Hapakuwa na tofauti. Watu wa Kasai walichagua njano na kijani sawasawa na watu wa kwetu. Nilishinda chupa yangu, na Kasongo akailipa bila kinyongo, tukainywa pamoja. Nilikuwa nimethibitisha kwamba hakuna cha kututenganisha, na karatasi niliyotumia kuthibitisha hilo ikabaki imetutenganisha nyumba kwa nyumba, kwa wino mweusi.

Orodha ilikuwa karatasi mbili, moja kwa kila mstari wa nyumba. Wapaka rangi waliihitaji ili wajue wabebe kopo lipi wapi, kwa hiyo nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ghala. Siku ya pili Tata Kabeya alinisubiri pale amesimama.

"Hii herufi ni ya nini?"

Nikacheka. "Mchezo tu, Tata. Tulikuwa tunashindana na Kasongo."

Hakucheka. Alipitisha kidole chake chenye madoa juu ya safu ile, taratibu, kuanzia juu mpaka chini.

"Ghala yangu iko na rangi mbili. Hii ya tatu nitaipaka nyumba gani?"

"Tata, si rangi."

"Basi iko inafanya nini kwa karatasi ya rangi? Mi naona nyumba yangu iko na alama. Yako, kando yangu, haina. Tunakunywa maji ya bomba moja, Banza."

Nilisema naomba msamaha, kwamba sikukusudia ubaya.

"Najua haukukusudia. Njo maana ninakuomba, sikugombezi. Andika karatasi ingine, hii ichome. Fanya leo."

Nikamwambia nitafanya Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi. Karatasi nzuri zilikuwa chache bironi, na ningelazimika kuandika upya majina yote ya mistari miwili. Ukweli wenyewe ni kwamba orodha ile ilikuwa imetoka safi, haina hata doa moja la wino, na niliionea huruma kazi yangu. Jumatatu ikapita. Tata Kabeya hakuniuliza tena. Nadhani alinipa nafasi ya kuwa mtu mzima.

Wapaka rangi walifanya kazi kwa juma moja na zaidi kidogo. Namba za nyumba zilizokuwa zimeandikwa milangoni zilikuwa zimefutika kwa jua na vumbi, na hakuna aliyezirudishia. Makopo yakaisha, isipokuwa nusu ya kopo moja la kijani nililojiwekea nyumbani kwa ajili ya kuziba mikwaruzo. Ghala likafungwa. Halafu yakatokea yale ambayo umesikia watu wazima wakiyataja na kunyamaza. Vijana waliovaa majani kichwani walipita mitaani wakiimba. Nyumba za watu wa Kasai zilichomwa katika mitaa mingine, familia zikasukumwa kwenda stesheni. Katika kambi yetu tuliambiana kwamba huku hawatafika, kwamba huku ni kwa kampuni. Siku moja nilipita ghalani kuchukua kamba, nikafungua mlango, nikaona msumari peke yake.

Ufunguo tulikuwa nao watatu: Tata Kabeya, Kasongo na mimi. Kufuli halikuvunjwa. Kasongo aliniapia kwamba si yeye, na aliendelea kuapa mpaka kifo chake. Sikuwahi kumwamini, wala sikuwahi kupata sababu ya kutomwamini.

Asubuhi ya siku niliyokutajia, mama yako alirudi kutoka bombani na ndoo tupu.

"Beko kwa mustari ya nyuma," alisema. "Beko na karatasi. Hawajui nyumba, namba hakuna. Banafungua mulango, banaangalia ukuta, banasoma. Rangi ikilingana, banasema 'njo hii', banatoa bantu inje."

Kisha nikapata wazo, na ninataka uone lilivyokuwa la mtu wa ofisini. Sikuwaza kwenda kuwaambia wale vijana kwamba karatasi ile ni upuuzi wa makarani wawili. Niliwaza kwamba karatasi inasema njano. Basi ukuta usiwe njano.

Nikachukua nusu ya kopo la kijani na brashi nikaingia kwa Tata Kabeya kwa mlango wa nyuma. Mama Ngalula alikuwa anafunga nguo katika vitambaa. Kapinga alikaa juu ya godoro lililokunjwa. Nilieleza kwa maneno machache. Sikusema karatasi ni ya nani. Tata Kabeya alijua, na hakusema.

"Hii ni rangi ya mafuta," alinijibu. "Inaomba siku muzima kukauka. Bale hawatatupatia siku."

"Mwache apake!" Mama Ngalula alisema. "Huyu njo mutu mmoja amekuja. Mwache."

Nikapaka. Sijawahi kufanya kazi kwa haraka vile. Njano ilikuwa inapenya chini ya kijani na kuifanya iwe na mabaka, nikarudia, nikamwaga, nikaloweka viatu. Tata Kabeya alikaa kwenye kiti akinitazama, na hata siku ile hakuweza kujizuia. "Usirudishe brashi juu. Shusha. Unaacha michirizi." Baada ya muda akanyanyuka akachukua kitambaa, akaanza kufuta matone sakafuni nyuma yangu. Nilimaliza ukuta unaotazama mlango na nusu ya ule wa kushoto. Hapo ndipo mlango ulipogongwa mara moja na kufunguliwa bila kusubiri.

Walikuwa vijana watano. Wa mbele alivaa jezi ya mpira na alikuwa ameshika karatasi kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuichafua. Akasoma kwa sauti.

"Kumi na moja. Njano. K."

Akainua macho. Mbele yake ulikuwa ukuta wa kijani. Mwenzake akachungulia akasema, "Hapana, hapa ni kijani. Tumerukisha moja. Itakuwa ya pale."

Kwa pumzi mbili au tatu nikaamini tumepona. Yule wa jezi akageuka kutoka. Ili apishe wenzake mlangoni, akaegemeza kiganja chake ukutani.

Aliutazama mkono wake. Ulikuwa wa kijani mpaka kwenye kifundo. Akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, cha mtu aliyefurahishwa.

"Tata, uko na harusi? Nani anapakaka nyumba siku ya leo?"

Akafuta kiganja chake juu ya karatasi, kisha akaniona mimi na brashi.

"Na weye ni nani?"

"Banza. Wa nyumba ya kando."

"Wa wapi?"

Nikamtajia mji wa baba yangu, kaskazini. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu.

"Weye ni wetu, kisha unasaidia badudu kujificha kwa majani?" Wenzake wakacheka. Akaitazama tena karatasi, sasa ina alama ya kiganja. "Nimeiharibu. Hasara. Aliyeandika hii alijua kazi. Angalia bile mistari."

Mwanangu, nimeanza kukuambia kweli, basi nakupa kweli yote. Kabla hofu haijanirudia, kwa muda mdogo sana, nilisikia kujivuna. Mtu alikuwa amesifu mwandiko wangu. Kisha nilimwona Tata Kabeya akinitazama. Angeweza kuninyooshea kidole. Hakuninyooshea, na mimi sikufungua kinywa. Sijui ningebadilisha nini. Pengine wangenipigia makofi. Lakini kulikuwa na sentensi moja ya kusema ndani ya nyumba ile, kwamba karatasi hii ni yangu na ni uongo, na aliyeweza kuisema nilikuwa mimi peke yangu.

Waliwapa muda wa kubeba kinachobebeka. Walipokuwa wakipiga kelele waharakishe, Tata Kabeya aliichukua brashi mkononi mwangu, akaenda nyuma, akaiosha kwa petroli mpaka nywele zake zikawa safi, akaikung'uta, akaiweka mfukoni mwa koti lake. Mama Ngalula alinipita na godoro kichwani, akanishika bega. "Aksanti, mwana wangu," aliniambia. "Mungu ameona ulivyojaribu." Aliyasema kwa moyo mweupe. Neno hilo nimelibeba kuliko tusi lolote.

Karatasi ilikuwa imeanguka kizingitini, ina kiganja cha kijani. Hakuna aliyeihitaji tena, mstari wetu ulikuwa umekwisha. Niliiokota.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imegeuka mji. Watu walilala juu ya mizigo, chini ya maturubai, katika madarasa ya shule zilizokuwa karibu, wakisubiri mabehewa yaliyokuja kwa siku zisizojulikana na kuondoka yamejaa mpaka juu ya paa. Nilikwenda kila nilipoweza, na sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo chini ya koti, kwa kuwa kuonekana ukiwalisha kulikuwa hatari. Mvua zilikuwa zimeanza. Watoto waliharisha. Juma la tatu nilipofika, Mama Ngalula alikuwa amekaa ametazama reli, na godoro lilikuwa tupu. Kapinga walikuwa wamemzika asubuhi ile, nje kidogo ya stesheni, mahali palipokuwa na vilima vidogo vingi vya udongo mpya. Tata Kabeya alikuwa amepaka kipande cha ubao na kukiandika jina. Hakuwa na rangi, alitumia mkaa.

Nilikaa naye chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha na maneno yalikuwa yamepangwa vizuri, kama kawaida yangu. Hakunipa nafasi.

"Banza, mi nilikuomba kufuta. Weye ulikuja kupaka."

Nikamsogezea sufuria niliyokuja nayo.

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya kazini, kama anauliza kopo, "Zilikuwa karatasi mbili. Ya mustari yetu ulisema unayo. Ya pili iko wapi?"

"Sijui, Tata."

"Kule nyuma kuna nyumba hawakuingia siku ile. Kuna bantu balibaki. Itafute."

Siku ya nne baada ya hapo walipata behewa lisilo na paa. Niliambiwa na watu waliobaki, mimi mwenyewe sikuwapo. Sijapata barua yao wala habari ya mtu aliyewaona. Nyumba ya kumi na moja ilipewa wengine, na wale hawakuona haraka ya kupaka. Kwa miaka mingi kila nilipopita mlango ukiwa wazi niliona ukuta wa kijani, na pembeni yake nusu kijani nusu njano, mpaka brashi yangu ilipofikia.

Sasa nikujibu.

Kuhusu rangi, fanya alivyoniambia Tata Kabeya na ambavyo mimi sikufanya. Usiyatazame makopo yakiwa pamoja. Mwambie fundi apake kibao kizima cha kijani, kiegemee ukutani siku nzima, ukione asubuhi, ukione jua likiwa juu, ukione ukiwasha taa. Kesho yake kiondoe, weka cha njano, ufanye vile vile. Salo yako, kwa picha uliyonitumia, ina dirisha moja linalotazama yadi ya jirani, kwa hiyo nadhani njano itakusaidia mwanga, na vumbi jekundu la barabara ya malori utalifuta kila Jumamosi. Kijani ingekaa vizuri kwenye ujia, mahali mikono inapopita. Lakini iangalie mwenyewe. Na ukichagua njano, usinishangae nitakapokuja kukutembelea nikachelewa kuingia.

Kuhusu safu, usiiandike. Mwulize shefu wako, kwa heshima na mbele ya watu, safu hiyo itafanya kazi gani. Kama ni ya usalama shimoni, mwamba ukianguka hauulizi baba wa mtu. Kama ni ya mishahara, mkono ndio unaochimba. Akikosa jibu, iache. Akisema ni jambo dogo, ni utaratibu tu, ni mchezo, hapo ndipo usimame, kwa sababu mimi pia nilisema ni mchezo. Na kama umeshaiandika, ifute leo, usingoje Jumatatu, hata kama ukurasa umetoka safi. Wakikufukuza kwa hilo, rudi nyumbani. Chumba chako kipo, na nyumba yako Fungurume itasubiri rangi yake.

Wewe una mwandiko wangu, mwanangu. Watu waliniambia hivyo ulipokuwa darasa la pili, nami nilifurahi mbele yao na kuogopa nilipobaki peke yangu. Mungu aulinde mkono wako. Auzuie pale ambapo kalamu inakwenda kwa urahisi mno, na akupe ulimi siku utakapohitajika kusema sentensi moja. Majirani zako wakukute na mlango wazi, na watoto utakaowazaa wakue katika nyumba moja mpaka waichoke wenyewe.

Karatasi ya kwanza ninayo, katika sanduku la vyeti, kiganja kimefifia lakini vidole vitano vinahesabika. Ya pili ina majina ya mstari mzima wa nyumba, na watoto wa wengi wao bado wanakaa humo. Nimeuliza kila aliyekuwa bironi, nimefungua kila kabati waliloniruhusu kufungua. Haijulikani ilipo.